Kutoka pikipiki kwenda traiki ya tairi tatu: mikono na miguu inabidi ijifunze upya

Wakuu, nimeendesha pikipiki miaka 22 na nilipohamia traiki nilijua nitakaa tu niwashe niondoke, maana kichwani nilikuwa najiambia kama nimeweza kubalansi kwenye tairi mbili basi tatu ni mteremko. Sivyo kabisa. Siku ya kwanza, uwanja mtupu, spidi kama 30 hivi, nikataka kukata kulia na chombo kikaenda kushoto. Hakikuwa kibovu. Mikono yangu ndiyo ilifanya kile ilichozoea kufanya kwenye pikipiki, na ningekuwa barabarani ningekuwa nimeshahamia upande wa magari yanayokuja. Ndiyo maana naandika hii, kwa sababu watu wengi wanahamia traiki kwa sababu ya magoti, nyonga, mgongo, umri au ajali ya zamani, na wengi ni madereva wazuri sana wa pikipiki, na huo uzuri wenyewe ndio unaowaweka hatarini wiki ile ya kwanza.

Kwanza jua unapanda traiki ya aina gani

Hii usiiruke. Kuna traiki yenye tairi moja mbele na mbili nyuma, hii ndiyo ya zamani, Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car toka 1932 mpaka 1973 kwa muundo huo na baadaye wakaja na Tri Glide, na pikipiki nyingi kubwa kama Honda Gold Wing zinabadilishwa kuwa hivi kwa kufungwa akseli na difu nyuma. Halafu kuna yenye mbili mbele na moja nyuma, kama Can-Am Spyder iliyotoka 2007. Zote hizi mbili hazilali kwenye kona, zinabaki zimesimama wima kama gari.

Aina ya tatu ndiyo inachanganya watu: zile zinazolala. Piaggio MP3 ya 2006, Yamaha Niken ya 2018, zina tairi mbili mbele lakini zinalala kwenye kona kama pikipiki, na zinaendeshwa kama pikipiki. Niken ukisimama usiposhusha mguu inaanguka, haina kitu cha kuishikilia wima. MP3 yenyewe ina kufuli ya kuizuia isilale ukisimama. Kwa hiyo kama yako ni ya kulala, mengi ya hapa chini hayakuhusu, we endelea na ulichonacho. Mwongozo huu ni wa zile zisizolala.

Leseni na bima ulizia mapema unakoishi, kuna sehemu traiki inahesabiwa pikipiki, kuna sehemu inahesabiwa karibu na gari, na bima ikikuta leseni siyo yake huwa hawalipi. Helmeti, glavu, koti na buti vinabaki vilevile, tairi ya tatu haijaondoa lami.

Hatua ya 1: elewa kwa nini mikono itakudanganya

Kwenye pikipiki ukiwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kulia unasukuma mkono wa kulia wa usukani mbele. Wengi tunafanya bila kujua tunafanya. Ukisukuma hivyo, tairi ya mbele inaangalia kushoto kidogo sana kwa muda mfupi, pikipiki inaanza kulalia kulia, na ikishalala inakata kulia. Mwili umeshaiandika hiyo, hauulizi akili tena.

Kwenye traiki isiyolala, tairi ikiangalia kushoto unaenda kushoto. Basi. Ukisukuma mkono wa kulia, unaenda kushoto. Ili uende kulia unavuta mkono wa kulia na kusukuma wa kushoto, unaugeuza usukani kuelekea unakotaka kwenda kama mtoto anavyoendesha baiskeli yake ya tairi tatu.

Ukiisoma hivi inaonekana rahisi na kweli ukiwa unaenda polepole na unafikiria utaweza ndani ya dakika kumi. Shida ni pale mbwa anapokatiza, au gari linapotoka ghafla pembeni, hapo hakuna kufikiria, mkono utasukuma ulivyozoea kusukuma na traiki itakupeleka kwenye kile kile unachokikimbia. Hilo ndilo jambo lenyewe hasa kwenye safari hii ya kubadili, mengine yote ni madogo ukilinganisha. Usiingie barabarani mpaka ujaribiwe ghafla na mikono ijibu sawa, na nitaeleza jinsi ya kujijaribu huko chini.

Hatua ya 2: funga miguu juu

Toka siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuwasha. Kaa, weka miguu kwenye vikanyagio, sema moyoni miguu haishuki. Kwenye pikipiki ukisimama unashusha mguu, ni lazima. Kwenye traiki ya tairi mbili nyuma, nyuma ya mguu wako kuna tairi pana inakuja. Ukishusha mguu chombo kikiwa bado kinatembea, hata mwendo wa kutambaa, mguu unabaki nyuma na tairi inaukuta kisigino, inaukanyaga na kuuvuta. Mimi ilinishika buti siku ya tatu, kwenye taa, nilikuwa nimesimama vizuri tu nikashusha mguu wa kushoto kwa mazoea, taa ikawaka kijani nikaachia klachi kabla sijaupandisha. Buti ilikuwa ngumu na mwendo ulikuwa mdogo nikapona na mchubuko, lakini nimeshaona kifundo cha mguu cha mwenzangu kilichovunjika kwa njia hiyo hiyo na kilimweka ndani miezi.

Zoezi lake: washa, nenda mita kumi na tano, simama, hesabu mpaka tano miguu ikiwa juu, ondoka. Rudia mara ishirini. Mara ishirini kweli, siyo tano. Mwili utakuwa unakuambia unaanguka, mguu utataka kutoka wenyewe hasa wa kushoto, we uache upige kelele. Chombo kimesimama chenyewe.

Hatua ya 3: ujue upana wako

Mwaga maji chini kwenye lami au sakafu kavu, pita juu yake, shuka uangalie nyuma. Utaona mistari mitatu. Hiyo picha iweke kichwani maana pikipiki ilikuwa na mstari mmoja na ulikuwa unakwepa shimo kwa kuusogeza mstari huo huku au kule. Sasa ukilikwepa kwa tairi ya mbele unaliingiza kwa ya nyuma, ukilipitisha katikati ya tairi za nyuma la mbele linatumbukia. Mashimo mengi utakuwa unachagua upige kwa tairi ipi, na jibu langu ni kupunguza mwendo mapema na kupiga kwa moja ya nyuma kuliko ya mbele, kwa traiki ya muundo ule wa moja mbele.

Jambo lingine linalotoka kwenye hiyo mistari: kwenye kona tairi ya nyuma ya ndani haipiti alipopita tairi ya mbele, inakata ndani zaidi. Kwa hiyo mtu anapita vizuri na la mbele halafu la nyuma linapanda ukingo wa barabara, au linagonga nguzo, au linapita juu ya kidole cha aliyesimama pembeni. Chukua kona kwa upana kidogo, acha nafasi ndani. Na kule kupenya katikati ya magari kwenye foleni kumeisha, ukijaribu utaacha rangi yako kwenye milango ya watu.

Barabarani kaa katikati ya njia yako. Najua kwenye pikipiki tulikuwa tunakwepa katikati kwa sababu ndipo magari yanapodondoshea oili, hasa karibu na taa na kwenye makutano. Sasa tairi yako ya mbele itapita hapo hapo penye oili, hamna namna, ila kumbuka hilo unapofunga breki karibu na taa mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 4: mazoezi ya uwanjani

Tafuta uwanja mkubwa, tupu, tambarare. Chukua chupa za plastiki ziwe na maji kidogo zisipeperuke, hizo ndizo koni zako. Na mtu wa kukusaidia awepo.

Anza na miduara mikubwa, kulia mara kumi, kushoto mara kumi, gia ya kwanza. Sikiliza mabega, yatauma, kwa sababu usukani wa traiki ni mzito kuliko wa pikipiki, hasa zile zilizobadilishwa kutoka pikipiki ambazo pembe ya shokapu za mbele imeachwa kama ilivyokuwa. Wanaobadilisha vizuri huwa wanabadili na kipande kinachoshika shokapu ili usukani uwe mwepesi, kama yako ni nzito kupita kiasi ulizia hicho kipande kabla hujajilaumu mikono. Usikamate usukani kama unataka kuung'oa. Viwiko vikunjike, mkono wa nje wa kona usukume, wa ndani uvute.

Panga chupa sita kwenye mstari, kila moja hatua kumi na mbili kutoka kwenye nyingine, pita kwa kuzungukazunguka. Hapo ndipo mikono inajifunza kwa kasi maana hakuna muda wa kuwaza. Ukiangusha chupa, karibu kila mara ni tairi ya nyuma.

Sasa jaribio nililosema. Mwenzako asimame mbele yako mbali, pembeni kabisa ya njia yako, na siyo ndani ya njia. Unakuja na spidi 20, ukifika kwenye chupa fulani ananyoosha mkono upande anaoutaka yeye, wewe unakwepa upande huo huo papo hapo. Asikuambie kabla. Ukikosea hata mara moja kati ya kumi, bado. Mimi siku ya kwanza nilikosea nne kati ya kumi, nikalala, siku ya pili moja, siku ya tatu hamna, halafu ndipo nikaongeza mpaka spidi 30 na makosa yakarudi mawili. Ndivyo inavyokwenda, mwendo ukipanda mwili unarudi kwenye mazoea ya zamani, kwa hiyo rudia kwa kila mwendo.

Hatua ya 5: kona, hapa ndipo traiki inapinduka

Pikipiki ikilala inakuweka wewe kwenye mstari na nguvu ya kona, unahisi umekandamizwa kwenye siti tu. Traiki haikulazi, kwa hiyo nguvu inakusukuma nje, unahisi unataka kudondoka upande wa nje, na mtu akihisi hivyo anajishikilia kwenye usukani, akiushikilia anauvuta bila kujua, na traiki inatoka kwenye mstari wake. Jishikilie kwa mapaja na miguu, siyo kwa mikono.

Mwili nao uende ndani ya kona, bega la ndani lishuke mbele kidogo kama unataka kubusu kioo cha ndani. Siyo mapambo, uzito wako ndani unasaidia tairi ya ndani ibaki chini. Ukiona tairi ya ndani imekuwa nyepesi, au imenyanyuka kabisa, punguza mafuta taratibu na unyooshe usukani kidogo kama nafasi ipo. Tairi ya ndani ikinyanyuka umebaki na mbili, na chombo kinaanza kuwa na tabia za pikipiki tena wakati mikono yako umeshaifundisha traiki, usipende kufika huko.

Breki ziishe kabla ya kona, ukiwa umenyooka. Hii inahusu zote lakini sababu inatofautiana na ni vizuri uijue. Kwenye ya moja mbele, ukifunga breki katikati ya kona uzito unakimbilia mbele kwenye ile tairi moja, na hapo pembeni hakuna kitu cha kuushika, inaenda kupindukia kwenye kona ya mbele upande wa nje. Ukiongeza mafuta kidogo uzito unarudi nyuma kwenye tairi mbili na inatulia. Kwenye ya mbili mbele ni kinyume, breki inaipeleka kwenye tairi mbili haipinduki kirahisi, lakini ile moja ya nyuma inabaki nyepesi inaweza kuteleza, na ukifungua mafuta kwa nguvu katikati ya kona hasa lami ikiwa na maji, nyuma inatoka kukupita. Zenye kompyuta ya kudhibiti utelezi zinakuokoa kiasi, ila mimi nimejifunza kama vile haipo.

Zoezi: weka kona ya chupa, ipite kwa 15, halafu 20, halafu 25, mwili ukiwa umekaa wima, kisha rudia zote mwili ukiwa umeingia ndani. Tofauti utaihisi mwenyewe kwenye siti. Kipilefti kidogo chenye mteremko wa kutoka nje ndicho kimenitisha kuliko barabara kuu zote, kwa sababu lami inainamia nje na wewe unasukumwa nje, viingie polepole kuliko unavyodhani inatosha.

Hatua ya 6: breki

Kwenye pikipiki breki ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa. Kwenye traiki ya tairi mbili nyuma uzito mwingi umekaa nyuma na mpira mwingi uko nyuma, kwa hiyo breki ya mguu sasa ina maana sana, wengi wetu tulikuwa tunaigusa tu. Nyingine zimeunganishwa, pedali moja inafunga zote. Spyder haina breki ya mkononi kabisa, ni pedali tu, na vidole vyako vitaenda kutafuta kitu ambacho hakipo. Fanya breki za ghafla umenyooka, toka 30, toka 40, mpaka mguu uwe wa kwanza kufika. Habari nzuri ni kwamba hapa hauanguki, unaweza kufunga kwa nguvu ambayo kwenye pikipiki ungeiogopa, mradi usukani umenyooka.

Halafu handibreki. Hakuna stendi ya kulazia, na chombo ni kizito, Tri Glide inapita kilo 500, kikianza kuteremka chenyewe hukizuii kwa mwili. Kila ukishuka, hata sehemu inayoonekana tambarare, handibreki kwanza. Kama ina rivasi izoee uwanjani, na kama haina usipaki pua ikiwa imeangalia ukuta chini ya mteremko, utaomba watu wakusukume.

Vitu vitakavyokushtua njiani ila ni vya kawaida

Traiki inafuata mwinamo wa barabara. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatoke, basi utajikuta unavutwa pembeni muda wote na unarudisha kidogo kidogo. Wiki ya kwanza mikono inachoka, baadaye huihisi tena. Kwenye traiki ya tairi moja mbele usukani unaweza kutikisika kidogo ukipunguza mwendo, kwenye 30 kurudi chini, usiukabe, ushike kwa ulegevu utulie. Ikizidi au ikiendelea kwenye mwendo mkubwa hiyo siyo kawaida tena, angalia upepo wa tairi, beringi za stelingi, na kama kuna shokapu ya usukani iangaliwe. Yenye mbili mbele ikivuta upande mmoja au ikila tairi upande, ipeleke alaimenti kama gari.

Barabara ya vumbi yenye njia mbili za magari, ile ya mbele inapita kwenye tuta la katikati lenye majani na mawe, nenda taratibu. Maji yaliyotuama yaogope zaidi ya zamani, tairi pana zinaelea kirahisi. Tairi za nyuma za traiki nyingi ni za gari, upepo wake siyo wa pikipiki, soma kibandiko au kitabu cha chombo, usijaze kwa kukisia kwa sababu ukizidisha inarukaruka na tairi ya ndani inanyanyuka mapema.

Mizigo iwe chini na karibu na akseli yenye tairi mbili. Abiria asubiri, wiki mbili za kwanza panda peke yako, halafu naye mfundishe kwamba kwenye kona anaingia ndani na wewe, hajiegemezi nje.

Hatua ya 7: kuingia barabarani

Safari ya kwanza iwe asubuhi mapema siku isiyo na magari, njia unayoijua, nusu saa tu, halafu rudi. Uchovu ni mbaya hapa, ukichoka mazoea ya zamani ndiyo yanarudi. Mimi nilijiwekea wiki nzima ya nusu saa, ya pili saa moja, na mvua nilianza kuigusa wiki ya tatu. Acha nafasi kubwa mbele, mara mbili ya uliyozoea, kwa sababu ile njia ya kuponea ya kujipenyeza pembeni ya gari la mbele haipo tena, huna upana huo.

Kama bado unayo pikipiki na unataka kuendesha vyote viwili, subiri miezi mitatu minne hivi bila kuigusa pikipiki. Baada ya hapo unaweza kuchanganya lakini uwe na alama. Mimi nimefunga utepe mwekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani wa traiki, na kabla ya kuondoka nauvuta mkono huo kwangu mara mbili nikiwa nimesimama, mwili ujue leo tuko kwenye ipi. Kwenye pikipiki hakuna utepe, na nikirudi kwenye pikipiki mita mia za kwanza naenda polepole nikisukuma kulia, kushoto, kulia, mpaka nihisi inalala.